Roboti Haioni Rangi, Inasoma Namba

Juzi msomaji mmoja aliniandikia: "Kaka, indiketa yangu inapaka mishumaa kijani na nyekundu vizuri kabisa, lakini roboti inanunua tu, hata kwenye nyekundu. Shida ni nini?" Nilisoma ujumbe ule mara mbili, kifua kikanibana. Yule ni mimi wa mwaka jana.

Nilikuwa na indiketa ya namna hiyo, yaani kiprogramu kinachochora ishara kwenye chati ya bei, kwenye MetaTrader 5, programu ya kununua na kuuza sokoni. Ilipaka rangi mishumaa, vile vijiti vinavyoonyesha mwendo wa bei kwa kila kipindi, na kwa macho niliifuata vizuri tu. Nikamlipa mtu aniandikie roboti, programu inayonunua na kuuza yenyewe, ya kuifuata usiku na mchana. Akaileta, akachukua hela yake, na tangu hapo hakupokea simu yangu tena. Soko likipanda roboti inanunua, likishuka inanunua. Karibu nusu ya akaunti iliteketea kabla sijaizima. Hasara iliniuma, lakini kule kunyamaziwa kuliniuma zaidi, na mpaka leo kunaniuma. Nikaapa nitajifunza mwenyewe MQL5, lugha ya kuandikia roboti hizo.

Usiku nilioligundua kosa siusahau. Kulikuwa na mstari mmoja unaosoma bafa namba 0 (bafa ni orodha ya namba ambazo indiketa huhifadhi, moja kwa kila mshumaa) na kuuliza: thamani imezidi sifuri? Kama ndiyo, nunua. Sasa, indiketa inayochora kwa mtindo wa DRAW_COLOR_CANDLES, yaani mishumaa ya rangi, hutumia bafa tano: nne za bei, yaani ya kufungua, ya juu, ya chini na ya kufunga, kisha ya tano ndiyo ya rangi. Kwa kuwa hesabu huanzia 0, rangi iko kwenye bafa namba 4. Roboti yangu ilikuwa inasoma bei ya kufungua! Bei hiyo ilizidi sifuri kila mara, kwa hiyo jibu likawa "nunua" kila mara.

Na hata bafa ya rangi haina rangi ndani yake. Ina namba tu, 0, 1, 2 na kuendelea, kwa kufuata orodha ya rangi aliyoipanga mwandishi wa indiketa. Kijani ikiwa ya kwanza, 0 ndiyo kijani. Ukiingia kwenye mipangilio ukaigeuza bluu, namba inabaki 0.

Ndugu yangu, usikisie. Mimi nilikuwa na faili la ex5 peke yake, lile la kuendeshwa tu, bila msimbo wa kusoma. Nikaandika skripti fupi inayoita indiketa kwa amri ya iCustom, halafu kwa amri ya CopyBuffer inasoma na kuchapisha bafa 0 hadi 7 za mishumaa kumi iliyokwisha kufunga. Nikaketi na daftari nikilinganisha na chati, mshumaa kwa mshumaa. Ukiomba bafa ambayo haipo, CopyBuffer hurudisha -1. Ile inayoruka kati ya 0 na 1 kila rangi inapogeuka ndiyo yenyewe. Namba zilipooana na rangi zote kumi, nilisimama kitini kwa furaha. Hakuna aliyenifundisha, na hilo najivunia.

Nilidhani nimemaliza. Wapi! Mshumaa namba 0 bado unaundwa, na rangi yake inaweza kugeuka mara nyingi kabla haujafunga. Roboti ikawa inaingia na kutoka kama iliyochanganyikiwa. Soma mshumaa namba 1, uliokwisha kufunga. Tena, CopyBuffer hupanga thamani kuanzia ya zamani zaidi, kwa hiyo ukiomba tatu, ya kwanza kwenye safu si ya sasa. Tumia ArraySetAsSeries kugeuza mpangilio huo, au omba moja tu kuanzia nafasi ya 1, kama ninavyofanya mimi.

Walio kwenye MetaTrader 4 mambo yao ni tofauti: mara nyingi kila rangi ina bafa yake, na isiyotumika hubeba EMPTY_VALUE, alama ya kwamba hapo hakuna kitu. Kagua ipi ina thamani halisi.

Vijana wenzangu, acheni kukabidhi fedha zenu kwa msimbo msioweza kuusoma. Jifunzeni hata mistari ishirini. Chapisheni namba kabla ya kufungua oda. Narudia: chapisheni namba kwanza!

Yule msomaji alifanya hivyo jana. Rangi yake haikuwa kwenye bafa namba 4. Mwandishi wa indiketa alitanguliza mishale miwili, wa kununua na wa kuuza, mishumaa ikaanzia bafa namba 2, na rangi ikaangukia namba 6.