"Na mashine" au "kwa mashine"? Na huyu "mfumo" anayekataa kila kitu

Mfamasia mmoja ameniandikia hivi: "Natayarisha maelezo ya Kiswahili kuhusu mashine zinazotumia ujifunzaji wa kina kukagua vichupa vya dawa za sindano. Niandike vichupa vimekaguliwa na mashine au kwa mashine? Chenye kasoro, ni sawa kusema mfumo umekikataa? Na neno 'kichupa' linatosha?"

La kwanza nalijibu upesi: kwa mashine. Mtenda hufuata na, chombo chake hufuata kwa. Nyama imekatwa na Juma kwa kisu. Utaniambia watu husema ameumwa na nyoka, amepigwa na radi. Ni sahihi, kwani nyuma ya nyoka na radi hakuna mtu. Husema pia amegongwa na gari, lakini trafiki akifika hapo haliulizi gari lilikuwa linawaza nini. Anamtafuta dereva.

Swali la pili ndilo lililoniamsha. Mfumo umekataa! Sentensi hii imeenea kila penye dirisha na foleni. Mstaafu anafuatilia mafao yake, mfumo umekataa. Mzazi amelipa ada na risiti anayo mkononi, mfumo hauoni. Mgonjwa kaja na kadi ya bima, mfumo haumtambui. Nami nimeambiwa hivyo hivyo mara nyingi, na kila nilipouliza ni nani aliyeuagiza mfumo ukatae, nilitazamwa kama mtu aliyekuja kutafuta ugomvi. Ugomvi siutaki. Nataka kujua mtenda wa kitenzi kile ni nani.

Neno lenyewe limetokana na kufuma. Penye mfumo pana mfumaji, na hakuna nguo iliyowahi kujifuma. Kukataa nako kunataka nia: mtoto anakataa uji, shahidi anakataa kujibu. Najua tunasema gari limekataa kuwaka, na hilo silipigi vita, maana anayelisema hajifichi nyuma ya gari. Yumo ndani ya boneti, mikono imejaa grisi. Anayesema mfumo umekataa amekwisha kunawa mikono.

Tukifuate basi kichupa kimoja kiwandani, tuone huo unaoitwa ukataaji.

Tangu zamani, na mahali pengi hata leo, mkaguzi hukaa mbele ya kibao cheupe na kibao cheusi chini ya taa kali. Famakopia ya Ulaya, yaani kitabu cha viwango vya dawa, inataka mwanga wa luksi 2000 hadi 3750, na kichupa kitazamwe kwa sekunde kama 5 mbele ya kila kibao. Macho huchoka. Kichupa alichokiondoa jana, mkaguzi yuleyule anaweza kukipitisha leo.

Mashine hukizungusha kichupa kwa kasi, kisha hukisimamisha ghafla. Kioo kimetulia, dawa ndani bado inazunguka. Kamera hupiga picha mfululizo. Alama isiyosogea huwa ni mkwaruzo wa kioo. Inayokwenda na dawa huenda ni unyuzi, huenda ni chembe ya kioo, huenda ni kiputo cha hewa tu. Kazi yote imo katika hizo "huenda" tatu. Kiputo si kasoro. Chembe ya kioo kwenye dawa inayoingia mshipani ni hatari. Mashine za awali, zilizopangiwa kanuni za ukubwa na mwangaza, zilikuwa zikiondoa vichupa vizima kwa sababu ya viputo.

Ujifunzaji wa kina umeletwa kupunguza hasara hiyo. Umeletwaje? Watu wameketi na picha kwa maelfu, wakazitia alama: huu unyuzi, hiki kiputo, huu ufa. Programu huipitisha kila picha katika tabaka nyingi za hesabu, ikijirekebisha kila inapokosea, mpaka majibu yake yakaribiane na alama walizotia wale watu. Kisha ikiletewa kichupa kipya haisemi ndiyo wala hapana. Inatoa namba, tuseme 0.62, kuwa hiki kina unyuzi. Ni binadamu aliyeamua kwamba kuanzia 0.5 kichupa kiondolewe. Angechagua 0.7, kichupa kilekile kingepita kikafika hospitali. Na ufa wa aina ambayo haikuwemo katika picha za mafunzo unaweza kupita mchana kweupe, ilhali mashine haikuzembea hata kidogo. Kuna mtu hakuiweka picha ile.

Sasa yapeleke hayo yote ndani ya mfumo umekataa. Waliotia alama wako wapi? Aliyechagua 0.5 yuko wapi? Yuko wapi aliyepaswa kuijaribu mashine kwa vichupa vyenye kasoro za makusudi kabla ya kuiruhusu kazini? Wote wamefutwa kwa maneno mawili. Siku vichupa vizima vinapotupwa kwa maelfu hakuna wa kuulizwa, na siku chenye chembe ya kioo kinapofika wodini hakuna wa kuulizwa vilevile. Katika karatasi ya dawa, sarufi ya namna hiyo sitaivumilia.

Kwa hiyo, ndugu mfamasia, andika: Vichupa vimekaguliwa na kitengo cha ubora kwa mashine. Andika: Mashine imekiondoa kichupa, kwa kuwa kuondoa inaondoa kweli, inakisukuma nje ya mstari na sote tunaona. Kuzungusha, kupiga picha, kupanga, hivyo navyo iachie mashine bila wasiwasi. Ukifika kwenye uamuzi, mtaje aliyeamua: Kichupa kimeondolewa kwa kuwa kimefikia kiwango kilichowekwa na kitengo cha ubora. Sentensi imerefuka, najua. Mhariri akitaka kukupunguzia maneno, apunguze kwingine.

Kuhusu "kichupa", kinatosha kwa kile chenye kizibo cha mpira ambacho sindano hutobolea. Kile cha kioo kitupu anachokivunja shingo muuguzi kiite ampuli, na mara ya kwanza kukitaja ongeza "kichupa cha kuvunja shingo" ili msomaji asivichanganye.