Usiipige Kiki Kwanza: Maswali Yenu Kuhusu Pikipiki Kuukuu za Motokrosi

Maswali ya safari hii yametoka Unguja na Pemba, na karibu yote yana haraka moja ndani yake: pikipiki imetolewa bandani leo, mwenyewe anataka iungurume kesho. Nimechagua machache na kuyafupisha. Walionitumia picha bila swali, nimeziona. Nyingi zinahitaji maji na sabuni kabla ya fundi.

Assalamu alaykum fundi. Ami yangu alikuwa bwana shamba, ametuachia Yamaha DT 175 katika banda la karafuu. Ina miaka mingi haijawashwa. Kiki inashuka, ila kwa uzito. Nikiitia petroli mpya na plagi mpya itawaka? Na hii ndiyo motokrosi yenyewe? (Msomaji, Wete)

Waalaykumu salaam. Kuwaka inaweza kuwaka, pengine hata leo jioni, na hilo ndilo ninaloliogopa.

Injini ya mipigo miwili, kama ya DT yako, haina dimbwi la oili chini ya kranki kama ile ya mipigo minne. Beringi za kranki na pistoni hulainishwa na oili inayoingia pamoja na petroli, basi. Ikikaa miaka bila kuwashwa, oili hiyo hukauka, na unyevu wa masika huingia kupitia ekzosi na kabureta. Beringi zikishika kutu, ule mkwaruzo wa mara ya kwanza ndio unaozimaliza. Kiki nzito ni dalili. Wewe unaihisi mguuni, wengine wanaipandia kwa miguu miwili.

Fanya hivi. Toa plagi, mimina oili nyepesi kidogo ndani ya silinda, iache ilale. Kesho yake fungua kava la kushoto, tia spana kwenye nati ya magineti, izungushe taratibu kwa mkono. Ikikataa usiilazimishe. Ikizunguka, bado usiiwashe: vua kichwa na silinda. Ni kazi ndogo kwenye DT, na utaona mengi kwa macho. Tazama ukuta wa silinda kama una michirizi. Shika mkono wa pistoni, uvute juu na kuusukuma chini: usicheze hata kidogo. Ukicheza upande kwa upande ni kawaida. Ukigonga juu na chini, kranki inataka kufunguliwa, na hapo dereva yeyote wa bodaboda asikudanganye kwamba itakwenda tu.

Halafu sili za kranki, ambazo wengi hawazifikirii kwa kuwa hazionekani. Mpira wake hukauka na kuwa mgumu. Ya upande wa magineti ikivuja, injini huvuta hewa ya ziada, mchanganyiko unakuwa mkavu, joto linapanda, pistoni inashika njiani. Ya upande wa klachi ikivuja, injini hunywa oili ya giaboksi na kutoa moshi mweupe usiokwisha. Kupima ni rahisi. Ziba mdomo wa ekzosi na wa kabureta kwa mpira wa baiskeli, kisha jaza hewa kidogo kupitia tundu la plagi. Mimi hutumia mashine kuukuu ya kupimia presha ya damu, ile ya pampu ya mkono. Mshale ukifika 250 na kutulia dakika kadhaa, sili ni nzima. Ukishuka, paka povu la sabuni utafute pa kuvuja. Pampu ya tairi sikushauri, ina nguvu mno kwa kazi hii.

La pili: DT si motokrosi kamili, yaani pikipiki ya kushindania kwenye udongo tu. Ukoo wake ulianza na DT-1 ya 1968, chombo cha njia na porini pia, chenye taa, honi na pampu yake ya oili. Motokrosi ya mashindano haina chochote cha hivyo: YZ za Yamaha, CR za Honda, RM za Suzuki, KX za Kawasaki. Wajapani walijipatia jina huko mwaka 1970, Joël Robert wa Ubelgiji alipochukua ubingwa wa dunia wa daraja la cc 250 akiwa juu ya Suzuki. Kabla ya hapo Ulaya ilikuwa ya akina CZ na Husqvarna. Lakini usisikitike. Kwa mtu aliyeko Wete, DT ni bahati kubwa kuliko YZ, kwa sababu spea zake bado zinapatikana.

Nyumbani tuna galoni la oili ya mashine ya boti. Nayo si ya mipigo miwili vilevile? Kwa nini ninunue nyengine? (Mvuvi, Nungwi)

Ni ya mipigo miwili, lakini soma galoni. Utaona herufi TC-W3. Oili hiyo imetengenezwa kwa mashine inayopozwa na maji ya bahari, ambayo joto lake halipandi sana. Silinda ya DT hupozwa na upepo tu, nayo hupata moto mkali zaidi, hasa ukipanda mchanga kwa gia ya pili. Huko oili ya boti huacha masizi yanayogandisha ringi kwenye mifereji ya pistoni. Oili ya pikipiki huandikwa JASO FC au FD. Tafuta hiyo. Ukikwama Matemwe usiku huna njia nyengine, tia ya boti urudi nayo nyumbani polepole, hutakufa wala pikipiki haitakufa.

Kosa kubwa zaidi ni kumimina petroli ya boti kama ilivyo. Mashine nyingi za boti huchanganywa sehemu 50 za petroli kwa 1 ya oili. Motokrosi nyingi za miaka ya 1970 zilitaka 20 kwa 1, na kwa oili nzuri za sasa wengi hutumia 32 kwa 1. Kwa lita 5 za petroli, 32 kwa 1 ni mililita 156 za oili; 20 kwa 1 ni mililita 250. Nunua bomba la sindano kubwa duka la dawa upimie. Kifuniko cha chupa si kipimo.

DT ina pampu yake, mfumo ambao Yamaha iliuita Autolube na kuuanzisha miaka ya 1960. Pampu iliyolala miaka usiiamini. Changanya oili kwenye tangi kwanza, huku ukiitazama pampu kama inasukuma bila mapovu kwenye mrija. Ukishahakikisha, ndipo uache kuchanganya. Na oili ya gari, ile ya mipigo minne, isikaribie tangi hilo kabisa.

Mwanangu kaleta chuma cha kutu ukumbini, nyumba nzima inanuka petroli. Anasema ni urithi wa dunia. Kitakaa muda gani? (Mama, Jang'ombe)

Shikamoo mama. Petroli isilale ndani ya nyumba hata usiku mmoja, hapo una haki yote, hasa kama jiko liko karibu. Mwambie amwage tangi na kabureta nje, chuma kikae barazani. Muda sikuahidi. Spea moja ikikosekana Kariakoo, ni miezi.

Tangi limejaa kutu ndani. Mmoja kaniambia nitie kokoto na kulitikisa, mwengine kasema tindikali ya betri. (Mwanakwerekwe)

Tindikali ya betri hapana. Itakula kutu, kisha itakula tangi, na macho yako ikipata nafasi. Kokoto zinasaidia kama kutu ni ya magamba, lakini ukisahau moja ndani utaikumbuka siku itakapoziba bomba. Tumia mnyororo mfupi, angalau utavutika wote kwa pamoja.

Kisha unga wa ndimu, unaouzwa kwenye maduka ya viungo pale Darajani. Gramu 50 hadi 100 kwa lita moja ya maji ya moto, jaza tangi, acha usiku kucha. Siki nayo inafanya kazi, ila ni polepole. Ukimwaga, suuza kwa maji yenye magadi kidogo ili kuua ukali, suuza tena kwa maji matupu, kausha hapohapo juani na upepo ndani. Usipoharakisha, kutu changa ya rangi ya chungwa itarudi kabla hujamaliza kunywa chai. Likikauka tu, mwagia petroli iliyochanganywa na oili na ulitikise pande zote.

Lakini angalia kwanza tangi ni la nini. Baadhi ya motokrosi za kwanza, kama Honda CR 250 ya 1973, zilikuwa na tangi la alumini. Hilo halina kutu ya namna hiyo, na magadi huila alumini. Shika sumaku: isiponata, acha mapishi haya yote.

Na tangi lililotoboka asilichomee mtu yeyote kabla halijajazwa maji. Mvuke wa petroli hubaki ndani hata tangi likionekana kavu.

Nilipeleka bloku kukerezwa, nikafunga pistoni mpya ya saizi 0.50, kubwa kwa nusu milimita. Ilinguruma vizuri, siku ya pili ringi ikakatika na kuchana silinda. Mkerezaji anasema pistoni ni feki. (Chake Chake)

Inawezekana ni feki. Ila kabla hujamlaumu muuzaji, pitisha kidole kwenye madirisha ya silinda, yale matundu ya kupitishia hewa na moshi. Yana makali kama wembe?

Mkerezaji aliyezoea bloku za mipigo minne hukereza, hupima, humaliza. Silinda zile hazina madirisha ukutani. Ya mipigo miwili inayo, na baada ya kukerezwa kingo zake zote lazima zilainishwe kwa tupa ndogo na msasa, kidogo tu. Ringi hupita hapo maelfu ya mara kwa dakika na kila ikipita hutanuka kuingia dirishani. Ikikutana na ukingo mkali hukatika. Mimi hili naliona ndilo jambo la kwanza la kumuuliza mkerezaji, hata kabla ya bei. Akikutazama bila kuelewa, chukua bloku yako.

Tazama na mambo mawili mengine. Mshale ulio juu ya pistoni uelekee ekzosi. Na kwenye mfereji wa ringi kuna kipini kidogo, ncha za ringi lazima zikumbatie kipini hicho. Ukifunga kinyume, ncha huangukia dirishani na matokeo ni hayohayo uliyoyapata.

Bado una nafasi. Saizi kwa kawaida hupanda kwa 0.25 hadi milimita 1, kwa hiyo kama mchirizi si mzito, 0.75 inaweza kuusafisha. Safari hii nunua pistoni kwanza, umpelekee mkerezaji mkononi, akereze kufuata pistoni hiyo.

Nipake rangi ya asili au niitie kromu kila mahali? (Kijana, Michenzani)

Rangi ipakwe mwisho wa kazi, kromu usiitie. Na usipake kabla injini haijakimbia, utaikwaruza yote ukifungua tena.

Nimenunua CR 250 Dar es Salaam, haina taa wala kadi. Naweza kwenda nayo Paje? (Fuoni)

Kwa njia ya lami, hapana. Ipakie kwenye gari. Kutokuwa na taa ni jambo la fundi, kutokuwa na kadi ni jambo kubwa zaidi: aliyekuuzia aliipata kwa nani? Tafuta hati ya mauzo sasa, muuzaji angali anapokea simu, kisha uende kuuliza usajili wa vyombo vya moto kabla hujatumia hata shilingi kwenye spea.

Mgeni aliyekuwa na nyumba huku aliniachia YZ 125 ya miaka ya 1970. Kila boliti imeganda. Nimeshavunja mbili, na vichwa vya skrubu vimelika. (Jambiani)

Wewe adui yako ni chumvi, uchakavu unakuja baadaye. Boliti ya chuma ndani ya alumini, ukiongeza unyevu wa bahari, huota unga mweupe unaoikaba pande zote. Oili ya giaboksi za otomatiki iliyochanganywa nusu kwa nusu na asetoni hupenya vizuri. Itie leo, kesho, na keshokutwa, huku ukigonga kichwa cha boliti kwa nyundo ndogo. Baadaye pasha moto alumini iliyoizunguka, wala si boliti, na moto uwe baada ya asetoni kukauka kabisa, maana inawaka haraka. Jaribu kukaza kidogo kabla ya kulegeza.

Skrubu zinalika kwa sababu nyota ya Kijapani si sawa na nyota ya bisibisi zetu za kawaida, ambazo hupanda na kuteleza. Tafuta bisibisi ya JIS, au ile ya kugonga na nyundo. Ukifunga tena, paka grisi kila uzi.

Jambo jengine. Baadhi ya pikipiki za mashindano za wakati ule zilipewa makava ya magnesiamu kupunguza uzito, na magnesiamu na chumvi haviivani hata siku moja. Kwangua sehemu ndogo iliyojificha, dondoshea siki: ikitoa mapovu kwa nguvu, ni magnesiamu. Usiisage kwa mashine, chengachenga zake hushika moto, na maji huuzidisha. Isafishe kwa brashi laini, ipake rangi ya msingi upesi.

Na maji ya kuoshea yasitoke kisimani kama kisima chenu kina chumvi, kama vilivyo vingi vya pwani. Kinga maji ya mvua.

Tairi ya mbele inchi 21 siipati. Nifunge rimu ya bodaboda? (Konde)

Usifunge. Itabadilisha namna usukani unavyokaa na pikipiki itakuwa na wasiwasi kwenye mchanga. Ya nyuma, inchi 18, utapata kwa wauza spea wa kawaida. Ya 21 agiza Dar es Salaam, na kabla hujalipa omba picha ya tarakimu nne ubavuni: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa.