Sungura, kangomba na rozari ya jioni

Ukitaka watoto wa nyumba ya sala wafumbe midomo, maliza hadithi kwa kusema, "Kwa hiyo wanangu, tunajifunza kwamba..." Watakuitikia "Ndiyo, mama," huku macho yao yakiwa mlangoni. Mimi ndiye msimulizi wa jumuiya yetu hapa Ndanda, mkoani Mtwara, na nyumbani tunasimuliana baada ya rozari. Ninalowashauri akina mama na akina baba wenzangu ni hili: funzo msilitaje. Waacheni wabishane.

Wapo wanaosema hadithi za Sungura si za nyumba ya Mkristo, kwa sababu Sungura ni mwongo na mwizi, halafu anashinda. Mimi ndiyo maana nazipenda. Mtoto akicheka Fisi anavyodanganywa, muulize: je, Fisi angekuwa babu yako? Na anayeona haya mambo ni ya kipagani namkumbusha Edward Steere. Alichapisha hadithi za Waswahili wa Unguja mwaka 1870, kisha akawa askofu, na mwaka 1876 akawaongoza watu waliotoka utumwani hadi Masasi. Alikuwa Mwanglikana, najua, msinianze.

Lakini hadithi iliyotukesha kuliko zote haina mnyama hata mmoja. Niliitunga mwenyewe. Mama mjane ana mikorosho yake, lakini msimu bado, na mwanawe anaumwa. Jirani, msali mzuri tu, anampa hela ya dawa kwa makubaliano ya kangomba: korosho zikianguka atapimiwa kwa bakuli, kwa bei ya chini kabisa. Mtoto anapona. Oktoba minada inafunguliwa, bei ni nzuri. Mama azipeleke wapi, chama cha msingi cha ushirika ziende mnadani, au kwa jirani?

Wazee walisema ahadi ni deni, alipe. Vijana wakaja juu: kangomba imekatazwa na serikali, ahadi gani hiyo? Katekista akafungua Kutoka 22:25, pale Mungu anapokataza kumtoza riba maskini. Mzee mmoja akamjibu kwamba jirani hakutoza riba, alinunua. Hapo sasa! Tukabaki kwenye tofauti ya kununua na kukopesha mpaka uji wa watoto ukapoa. Kisha binti wa darasa la tano akauliza kwa nini yule mama hakuja kuomba jumuiya. Mtunza hazina akaanza kueleza habari za mfuko, na maelezo yake hayakumridhisha mtu.

Angalizo moja, na hili nalisisitiza. Usitunge hadithi inayofanana na mtu aliyekaa hapo kwenye mkeka. Watu hujitetea kwa Nathani na Daudi, 2 Samweli 12, eti nabii naye alipiga fumbo. Nathani alimwendea mfalme mwenyewe, na fumbo lilipomnasa akamwambia waziwazi, "Wewe ndiwe mtu huyo." Kumsema mama fulani mbele ya majirani huku ukimwita Kobe ni umbea uliovaa kanzu. Ukiona hadithi yako inafanana na ya mtu, badilisha kijiji, badilisha kosa, au iache kabisa.

Wakubwa waseme mwisho. Baba akishatoa hukumu, hakuna mtoto atakayempinga, na mazungumzo yamekwisha. Kwetu anaanza mdogo kuliko wote, hata akisema upuuzi.

Kwa asiyejua aanzie wapi, Luka 15 inatosha. Soma mpaka pale kaka mkubwa amegoma kuingia kwenye karamu ya mdogo wake na baba ametoka kumbembeleza. Injili haituambii kama aliingia. Funga Biblia hapo hapo, waulize aliingia au hakuingia, na kila mmoja aeleze kwa nini. Saa tatu usiku salini mkalale, hata kama hamjakubaliana. Kesho kuna shule.