Sufu kugandamana ukiiosha, na mabaki kuwaachia ndege

Dada umeuliza kwa nini sufu mbichi iliyonyolewa kondoo inagandamana ukiifua kwa mkono na kama mabaki unaweza kuwaachia ndege wa msituni wajengee viota. Shida ni kusugua. Chukua maji ya moto kama digrii 60 na sabuni ya vyombo, izamishe taratibu, iache dakika 20 hivi mafuta yatoke yenyewe, usikoroge, utoe kabla maji hayajapoa, na ya kusuuzia yawe na joto lilelile maana ukihamia baridi ghafla huku unaikamua nyuzi zinashikana na hapo kuchambua ndo basi tena.

Ndege wape, ila vipande vifupi tu, nyuzi ndefu zinawanasa miguu jamani, na kama kondoo waliogeshwa dawa ya kupe usiweke kabisa.