Mama katoka hospitali na kidonda cha kulalia: nimlaumu nesi?

SWALI: Shikamoo Bibi. Mama yetu alipooza upande wa kulia, akalazwa hospitali moja hapa Tanga. Dawa alipewa zote, presha ikashuka, tukaruhusiwa. Tulipomwogesha nyumbani tukakuta kidonda juu kidogo ya makalio, na kisigino cha kulia kimeanza kuwa cheusi. Usiku wodini alikuwepo nesi mmoja na mwanafunzi, wagonjwa wanakaribia 30, wengine wamelala mzungu wa nne. Kaka yangu anataka tumshtaki nesi yule. Mimi nasita, maana nilimwona hakukaa kitako usiku kucha. Je, ni uzembe? (Binti wa mgonjwa, Makorora)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mpe mama pole nyingi. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza, mfupa hubana nyama juu ya godoro, damu haipiti, ngozi inakufa. Kinga yake ni kumgeuza, kwa kawaida kila baada ya saa mbili hivi.

Sasa piga hesabu ya usiku ule. Kumgeuza mtu mzima aliyepooza kunataka watu wawili. Mmoja avute shuka la chini, mwingine apokee bega na nyonga, mtazame visigino, mpachike mto, mbadili shuka kama limelowa. Dakika kumi zimekwisha. Wagonjwa wa namna hiyo wakiwa wanane, ni dakika 80 katika kila 120, na wote wawili wako hapo hapo. Nani atabadili dripu? Nani atampokea anayeletwa na machela saa nane za usiku?

Basi nesi analazimika kuchagua. Dawa inasainiwa kwenye chati. Sindano ikirukwa, asubuhi wakati wa kupokezana zamu itajulikana. Kumgeuza mgonjwa, kumsafisha kinywa, kumlisha taratibu asipaliwe, kumfundisha binti yake namna ya kumtunza nyumbani: mara nyingi hayo yakirukwa faili halisemi kitu. Ndiyo sababu mama kapewa dawa zote na bado katoka na kidonda.

Mtafiti wa Marekani, Beatrice Kalisch, aliwahoji wauguzi, na mwaka 2006 akachapisha orodha ya yanayorukwa mara kwa mara: kumtembeza mgonjwa, kumgeuza, kumlisha, usafi, mafunzo ya kwenda nyumbani. Uingereza, katika hospitali 46, wauguzi 86 kati ya 100 walisema zamu yao ya mwisho kuna huduma walishindwa kuitoa kwa kukosa muda. Iliyoongoza ni kukaa na mgonjwa na kumliwaza. Nairobi nako watafiti walikaa kwenye wodi za watoto wachanga wakatazama kwa macho yao, na muuguzi alipozidiwa na watoto, huduma zilipungua. Na madhara hayaishii kwenye vidonda. Utafiti wa nchi tisa za Ulaya, uliochapishwa 2014, ulihusisha kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwa muuguzi na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa wagonjwa wa upasuaji kufa ndani ya siku 30. Jimbo la California halikuiachia huruma ya mtu: tangu 2004 sheria inaweka kikomo cha wagonjwa kwa kila muuguzi.

Kaka yako hajakosea kukasirika. Uzembe upo, nimeuona: mgonjwa anaita, mtu yuko na simu yake. Lakini wewe umeshuhudia mtu aliyekimbia usiku kucha. Ukimshtaki huyo ataadhibiwa, na kesho usiku zamu itapangwa vilevile. Andikeni barua kwa mganga mfawidhi. Tajeni wodi, tarehe, zamu, wauguzi wangapi, wagonjwa wangapi, na kidonda kimeonekana lini. Ombeni nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Malalamiko ya "manesi wabaya" yanapuuzwa kirahisi. Barua yenye hesabu inamlazimu mwenye kupanga zamu ajibu.

Sasa mama. Mgeuzeni mchana na usiku, mkipokezana. Akilala ubavu, mwinamisheni kidogo tu kwa mto mgongoni, asilalie mfupa wa nyonga. Mto mwingine uwekwe chini ya mashavu ya miguu ili visigino vielee, visiguse godoro. Msisugue sehemu iliyobadilika rangi, na msimkalishe kwenye duara la mpira. Kwa ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo papaseni: palipo moto au pagumu kuliko jirani yake, pameanza kuumia. Msitie majivu, wala dawa ya meno, wala unga wa vidonge.

Kesho asubuhi mpelekeni kidonda kikasafishwe na kisigino kikatazamwe. Kikinuka, kikitoa usaha, au mama akipata homa, nendeni leo hii, hata kama ni usiku.