Mtu au chama?
Kaka, unasema tumpigie kura mtu, chama tukiweke kando. Natamani ingekuwa rahisi hivyo. Kwa ibara ya 67 ya Katiba yetu ya Tanzania, hugombei ubunge bila kudhaminiwa na chama, na kwa ibara ya 71 mbunge akikoma kuwa mwanachama, kiti kimekwenda. Sasa mbunge wa Ubungo au Kinondoni atawapinga wenzake chamani kwa ujasiri gani, akijua kadi ikichukuliwa na jimbo limechukuliwa? Mchungaji Christopher Mtikila, mwanasiasa wa upinzani, aliipigania haki ya kugombea bila chama tangu miaka ya 1990, na mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha ikakubaliana naye. Mgombea binafsi bado hatuna! Ndiyo maana huku Mbagala wakija kuomba kura huwa nawauliza: lini uliwahi kukikatalia chama chako hadharani?