Mfano sahihi wa ardhi iliyosawazishwa na mmomonyoko

Ndugu muulizaji, umeuliza iwapo katika kazi yako ya jiografia unaweza kuitaja Usangu, kusini-magharibi mwa Tanzania, kama mfano wa milima iliyoliwa na mmomonyoko mpaka ikawa tambarare. Ningekushauri usiitaje, kwa sababu Usangu ni bonde lililodidimia na kujazwa tope na mchanga ulioletwa na mito kutoka milimani. Utambarare wake umetokana na kujazwa, si kukatwa.

Mfano unaofaa zaidi uko kwenye nyanda zinazouzunguka mji wa Iringa. Huko miamba ya kale sana imelika kwa mamilioni ya miaka: joto, baridi na maji huidhoofisha, mvua huyazoa mabaki, na mito huyasafirisha, huku kila mto ukichimba kuelekea usawa wa bahari au wa ziwa unamoishia, ambao mto hauwezi kuchimba chini yake. Mto unapoukaribia usawa huo, hupanua bonde lake zaidi kuliko kulichimba, na vilima vinavyotenganisha mabonde hupungua taratibu. Miamba kama Gangilonga, jiwe kubwa lililoko mjini Iringa, ni masalia ya sehemu ngumu, na kwangu ni ushahidi bora kuliko mchoro wa kitabuni.

Taja pia mabishano ya wataalamu: William Morris Davis wa Marekani aliona miteremko ikizidi kulala kadiri inavyozeeka, ilhali Lester King, aliyefanya utafiti Afrika Kusini, alisisitiza kwamba hurudi nyuma bila kupoteza sana ukali wake. Ukiulizwa kwa nini tambarare ya Iringa iko juu sana kuliko usawa wa bahari, jibu kwamba ardhi iliinuka baada ya kusawazishwa, na mito ikaanza kuchimba upya.